Shajara ya mradi: shaba ndani ya amonia, dhahabu mwaloni

Siku ya 1, Jumatatu

Mradi huu umezaliwa na swali la Shija. Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha kidato cha sita jedwali la volteji sanifu. Tumelibandika ukutani tangu muhula wa kwanza: zinki kule chini kwenye −0.76, shaba katikati +0.34, dhahabu juu kabisa +1.69. Nikasema ninavyosema kila mwaka, kwamba kadiri metali inavyokaa juu ndivyo inavyong'ang'ania elektroni zake, na dhahabu ni bahili kuliko zote. Shija akanyoosha mkono. Baba yake anachenjua marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wadogo wameshaupitisha kwenye zebaki na bado umebaki na kitu ndani.

"Mwalimu, dhahabu hata asidi ya nitriki haiigusi, ndivyo masonara wanavyoipimia. Mbona kule kwetu inayeyuka kwenye maji ya sayanaidi, na yale ukiyatazama ni maji tu?"

Nikamjibu kwamba inaunda ioni changamano. Akaandika. Niliona kabisa kwamba ameandika tu, hakuna kilichoingia, na nikikaa kweli kweli na nafsi yangu, hata mimi lile lilikuwa jibu la kukariri.

Sayanaidi haiingii shuleni kwangu, hata chembe. Lakini shaba na amonia zinafanya jambo lilelile kwa upole zaidi, na zote mbili zipo stoo. Mpango: tutengeneze seli ya zinki na shaba, ile ambayo Mwingereza John Frederic Daniell aliibuni mwaka 1836, kisha tutie amonia upande wa shaba kidogokidogo huku tukisoma volti. Tukishaelewa namba za shaba, tujaribu kutembea nazo mpaka kwenye dhahabu kwa kalamu na karatasi.

Kikundi: Shija, Neema, Kulwa na Bahati. Wanne wanatosha. Akiongezeka wa tano atakuwa mshika daftari wa kudumu.

Siku ya 2, Jumanne

Salfeti ya shaba tunayo ya kutosha. Nilipowaambia kwamba ndiyo mrututu bibi zao waliokuwa wakipaka kwenye vidonda, Neema akasema kumbe. Tumepima gramu 6.24, tukaongeza maji mpaka mililita 250, hiyo ni molari 0.1. Upande wa pili salfeti ya zinki, gramu 7.19 kwa maji yaleyale.

Elektrodi ya shaba ni waya wa umeme wa kuingizia majumbani, tumeumenya na kuusugua kwa msasa. Zinki imetoka kwenye betri kuukuu za redio. Kulwa alizipasua nne, akatoa ule unga mweusi, akaosha kopo, akalikata vipande kwa mkasi wa bati. Vikombe ni chupa za maji zilizokatwa nusu, kwa sababu bika nzima zimebaki tatu na zinasubiri mtihani wa praktiko. Daraja la chumvi ni karatasi ya kuchujia iliyoloweshwa nitrati ya potasiamu, imelazwa kutoka kikombe hadi kikombe.

Maltimita ya njano ikasoma 1.08. Kitabu kinasema 1.10. Neema alitaka kujua 0.02 imekwenda wapi. Zinki ya betri si safi, ngozi ya oksaidi hurudi juu yake msasa ukishaondoka tu, na daraja lenyewe lina mchango wake. Nimewakataza kuandika 1.10 kwa kuwa ndiyo ya kitabuni. Tunaanza na 1.08 na tutapima kila kitu kwa kuanzia hapo.

Siku ya 3, Jumatano

Siku ya amonia. Chupa ya asilimia 25 nimeifungua mwenyewe, nje, chini ya mwembe, baada ya kuikalisha nusu saa kwenye beseni la maji baridi. Chupa hizi zikikaa kwenye joto hujaa gesi, na mtu akizifungua kwa pupa anapata ya uso. Nimeipunguza makali hadi molari 2.

Kikombe cha shaba kilikuwa na mililita 50. Bahati anatia kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, Kulwa anakoroga, Neema anasoma, Shija anaandika.

Mililita 2: wingu la buluu hafifu, kama maziwa yaliyotiwa wino. Volti 1.07. Mililita 5: tope zito, buluu ya mpauko, limejaa kikombe kizima. 0.96. Hapa Kulwa aliacha kukoroga akadhani tumeharibu. Nikamwambia aendelee. Kufikia mililita 15 lile tope lilikuwa linayeyuka mbele ya macho yetu, na mahali pake ikaja ile buluu ambayo kila mwalimu wa kemia anaijua, buluu ya kina, yenye urujuani ndani yake, huoni upande wa pili wa kikombe. 0.80. Tukaenda mpaka mililita 50. Neema akasoma 0.68.

Kengele ya chakula ikalia. Nikawaambia wasiandike kwanza, waiache itulie. Tuliporudi ilisoma 0.64, tena imetulia vizuri. Shija akafuta 0.68, akaandika 0.64.

Wakati tunafungasha, Bahati, ambaye huwa haongei, akauliza: "Mwalimu, si tumeongeza maji tu? Kikombe kilikuwa nusu, sasa kimejaa. Volti zimeshuka kwa sababu shaba imekuwa nyepesi."

Hilo ndilo swali bora kuliko yote ya leo. Sikulijibu.

Siku ya 4, Alhamisi

Jibu la Bahati. Kikombe kipya cha shaba, mililita 50, tukaongeza mililita 50 za maji matupu. Kutoka 1.08 hadi 1.07. Basi.

Kwa hiyo kuongeza maji kunachukua kama milivolti 9 au 10, na amonia imechukua zaidi ya 400. Bahati alitazama maltimita kwa muda, akaigonga kwa kidole, ikabaki palepale.

Mchana tukaingia kwenye hesabu. Mlinganyo wa Walther Nernst wa mwaka 1889 wanaujua kwa moyo, kwa Kiingereza, pamoja na alama zake zote. Nimeachana na alama. Maabara yetu ina nyuzi joto 30 mchana, na kwa metali inayotoa elektroni mbili mlinganyo mzima unabaki kuwa sentensi moja: kila shaba huru inapopungua mara kumi, volti zinashuka kwa milivolti 30. Ukiipunguza nusu kwa maji, zinashuka 9. Ukiona zimeshuka 400, gawa kwa 30, unapata 13 na kidogo. Maana yake shaba huru imepungua mara kumi, mara kumi, mara kumi, raundi kumi na tatu.

"Lakini shaba yote iko mlemle kikombeni," Kulwa akasema. "Hatujamwaga kitu."

Nikawauliza nani amewahi kusafiri kutoka standi ya Geita asubuhi. Wote. Basi pale wapo watu mia, tisini na tisa wameshakata tiketi na wamekaa ndani ya mabasi, mmoja anazurura na begi lake. Mpiga debe anamwona nani? Yule mmoja. Elektrodi ya shaba ni mpiga debe. Inashughulika na ioni zilizo huru tu, zile zinazoweza kuja kugusa waya na kupokea elektroni. Ioni ya shaba iliyozungukwa na molekuli nne za amonia imeshakaa kwenye kiti, ipo standi ila haipo sokoni. Mfano una matobo, kwa sababu kwenye kikombe abiria wanapanda na kushuka kila wakati na kinachodumu ni uwiano tu, lakini kwa leo umefanya kazi kuliko miaka yangu yote ya kuandika mabano ya mraba ubaoni.

Naandika hapa kwa ajili yangu: mtihani ni wa Kiingereza, sawa, lakini jambo lenyewe limeingia kwa Kiswahili.

Siku ya 5, Ijumaa

Leo tulitaka kupata konstanti ya uundaji, namba inayosema amonia inaishika shaba kwa nguvu kiasi gani. Kulwa amepiga hesabu kwa kutumia 0.64. Volti zimeshuka 0.44, shaba huru imebaki kama 2.4 × 10⁻¹⁶. Shaba yote kikombeni baada ya kujazwa ni molari 0.05. Amonia iliyobaki huru, ukishatoa nne kwa kila shaba, ni kama molari 0.8, na hiyo inapandishwa kipeo cha nne. Jibu: 5 × 10¹⁴.

Vitabu vyetu vinazunguka 10¹³. Tumepita mara hamsini.

Nikasema wamekosea logi. Wakarudia. Nikasema wamesahau kipeo cha nne. Hawakusahau. Nikachukua daftari nikapiga mwenyewe, nikapata 5 × 10¹⁴.

Kisha Neema akasema, kwa ile sauti ya mwanafunzi asiyetaka kumuumbua mwalimu, "Ile ya kwanza ilikuwa 0.68, mwalimu. Uliyotuambia tusiandike."

Kwa 0.68 volti zimeshuka 0.40. Shaba huru 5 × 10⁻¹⁵. Konstanti 2 × 10¹³ na ushee. Hiyo ni ya kitabuni, kwa kiwango cha vikombe vya plastiki na betri za redio. Na hata hiyo isitupe kiburi: kosa la milivolti 10 tu kwenye usomaji linaikuza konstanti mara mbili, kwa sababu kila kitu kimekaa juu kwenye kipeo. Sasa wanaelewa kwa nini vitabu viwili vya rafu moja havikubaliani.

Shija akapiga hesabu ya pembeni ambayo hakuna aliyemtuma. Kwenye kikombe kile cha mililita 100 mna shaba karibu ioni 3 × 10²¹. Zilizo huru ni kama milioni 300. Inasikika nyingi mpaka uziweke pamoja.

Lakini swali limebaki wazi. Kwa nini 0.68 ilishuka mpaka 0.64 wakati sisi tunakula ugali? Kitu gani kiliendelea kutokea kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekigusa? Tumeacha seli kama ilivyo mpaka Jumatatu.

Siku ya 8, Jumatatu

Waya umeliwa.

Nilitoa elektrodi ya shaba nikadhani nimechukua isiyo yetu. Sehemu iliyokuwa nje ya maji ni nene na nyekundu kama kawaida. Iliyozama imekonda, imekuwa na vishimo, na pale usawa wa maji, mahali maji na hewa vinapokutana, imebaki nyembamba kama njiti ya meno. Kulwa aliukunja kidogo, ukakatika hapohapo.

Ningependa kuandika umepoteza gramu ngapi, lakini hatukuupima kabla. Hilo ni la kwangu pia, pamoja na la 0.68.

Jedwali la ukutani linasema shaba hailiwi na maji. Kwenye maji ya kawaida waya ule ungekaa mwaka. Ndani ya amonia umekatika kwa siku tano.

Nadhani najua, ila nataka waone kwanza. Tumechukua chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, safi, tukajaza ule mmumunyo wa buluu mpaka mdomoni pasibaki hewa, tukatumbukiza vipande vya waya vilivyosuguliwa, tukafunga kifuniko na kukizungushia utepe. Chupa ya pili ina mmumunyo huohuo na vipande vilevile, ila imebaki wazi.

Siku ya 9, Jumanne

Buluu ya chupa iliyofungwa imepauka. Unaweza kusoma maandishi kwa upande wa pili. Chupa iliyo wazi bado ni buluu tii.

Siku ya 10, Jumatano

Leo chupa iliyofungwa ni kama maji. Kuna kivuli cha buluu ukiiweka mbele ya karatasi nyeupe, zaidi ya hapo hakuna.

Nimewaita wote wanne wakae macho usawa wa meza, Bahati akatoa kifuniko. Sekunde chache hakuna kitu. Halafu juu kabisa, pale hewa inapogusa, ikatokea duara jembamba la buluu, kama mtu amemimina wino kwa uzi. Likaanza kuteremka kwa nyuzi. Hakuna aliyesema neno mpaka Shija akanong'ona, "Inapumua."

Kilichotokea ni hiki. Shaba ina ioni za aina mbili, iliyopoteza elektroni mbili, ambayo ndani ya amonia ni ya buluu, na iliyopoteza moja, ambayo ndani ya amonia haina rangi. Kwenye maji matupu ile ya elektroni moja haikai, huvunjika haraka ikarudi kuwa shaba na ioni ya elektroni mbili. Lakini amonia huishika hiyo nayo, tena kwa nguvu, molekuli mbili kwa kila ioni. Basi ioni ya buluu ikigusa waya, inamnyang'anya shaba elektroni moja, na zote mbili zinakuwa zisizo na rangi. Chupa ikiwa imefungwa, buluu inakwisha. Chupa ikiwa wazi, oksijeni inaichukua isiyo na rangi inaigeuza buluu tena, nayo inarudi kwenye waya kula kipande kingine. Hewa ndiyo inayokula, ioni ya buluu ni mbeba mizigo wake tu.

Ndiyo maana usomaji ulikuwa unateleza. Waya wetu haukuwa unapima buluu peke yake. Karibu na uso wake palikuwa panajikusanya ile isiyo na rangi, na waya ukawa unasoma mchanganyiko wa habari mbili. Usomaji wa mapema, mara baada ya kukoroga, ndio ulio karibu na ukweli. Nilikuwa na haraka ya kutulia.

Mara ngapi nimefundisha kwamba usomaji uliotulia ndio sahihi!

Siku ya 11, Alhamisi

Siku ya haraka, vipimo vitatu, vyote vimesomwa ndani ya dakika moja baada ya kukoroga.

Amonia upande wa zinki tu. Nilikusanya utabiri kabla. Watatu walisema zitashuka, kwa kuwa amonia "inapunguza volti". Neema pekee alisema zitapanda. Zimepanda: tope jeupe, likayeyuka likawa wazi kama maji, 1.34. Amonia inazificha ioni za zinki, na zinki ndiyo inayotoa elektroni, kwa hiyo ukimwondolea ioni zake mlangoni anazidi kutoa. Ligandi, yaani molekuli inayoishika ioni kama amonia yetu, haina upande wa kudumu kwenye seli; yategemea umeitia kikombe gani.

Amonia pande zote mbili. Hapa Neema naye aliteleza, akasema zitarudi 1.08. Zimesoma 0.94. Amonia inaishika shaba kwa nguvu kuliko inavyoishika zinki, ile ni 10¹³ na hii ni kama 10⁹, kwa hiyo upande wa shaba umepoteza zaidi.

Shaba kwa shaba, vikombe vyote salfeti ya shaba, amonia kimoja tu. 0.40. Waya mmoja uliokatwa katikati, na bado unatoa umeme. Kulwa anataka kuunganisha vinne mfululizo awashe taa nyekundu ya LED. Nimempa ruhusa kwa muda wake mwenyewe.

Siku ya 13, Jumamosi

Nimekwenda na Shija mwaloni, kule wanakochenjulia dhahabu. Nilimwambia tutasimama nje ya uzio, na tumesimama nje ya uzio. Baba yake alitoka, tukasalimiana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Nasikia mnapika shaba huko."

Nikamwonyesha kipande cha waya kilichokatika. Akakigeuzageuza mkononi, kisha akatueleza kazi yake, na mimi nikawa mwanafunzi. Mchanga unaingizwa kwenye matangi ya saruji. Chokaa inatangulia. Bila chokaa ya kutosha hakuna kutia dawa (sayanaidi wao wanaiita dawa), kwa sababu maji yakiwa na uasidi inatoka gesi inayoua. Nikamwambia Shija aandike: besi lazima ipite pH 10. Maji yenye dawa yanapita juu yanashuka chini, yanatoka, yanapita kwenye kaboni inayodaka dhahabu, pampu inayarudisha juu. Kaboni ikishiba inapelekwa kwenye mtambo wa ilusheni, unaoibandua dhahabu kutoka kwenye kaboni.

Halafu akasema mawili ambayo sikumuuliza.

La kwanza: "Mchanga ukiufunika maji siku zote, dhahabu inagoma. Lazima uyaachie yatoke yote, mchanga ukae hivihivi, upate hewa, ndiyo uyarudishe."

Shija aliniangalia. Chupa ya dawa ya kikohozi.

La pili: "Mawe yenye ukijani nayaogopa. Yale yanakula dawa, unatia, unatia, dhahabu huioni." Ukijani ni shaba. Shaba nayo inashikwa na sayanaidi, tena ni nyingi kuliko dhahabu mara maelfu, kwa hiyo inajaza viti vyote kabla dhahabu haijafika mlangoni. Nikamwambia mzee kwamba kijana wake atamweleza kwa mfano wa standi. Akacheka.

Siku ya 15, Jumatatu

Hesabu ya dhahabu. Imechukua vipindi viwili na chaki tatu.

Dhahabu inatoa elektroni moja, kwa hiyo kanuni yetu inabadilika: kila ioni huru zinapopungua mara kumi, volti zinashuka 60 badala ya 30. Amonia kwa shaba ilikuwa 10¹³. Sayanaidi kwa dhahabu ni kama 10³⁸. Niliandika 1 nikaanza kuweka sifuri, nikafika ukingo wa ubao.

Raundi 38 mara milivolti 60 ni karibu volti 2.3. Dhahabu ilikuwa juu ya jedwali, +1.69. Toa 2.3. Inaangukia −0.6.

Nikamwambia Shija aende ukutani akaisogeze. Tulikuwa tumeandika jina la dhahabu kwenye kikaratasi, tumelibandika kwa gundi kidogo. Akalitoa juu ya fedha, juu ya shaba, juu ya haidrojeni, akashuka nalo mpaka jirani na zinki. Akalibandika hapo. Darasa likaguna.

Oksijeni kwenye maji yenye besi iko +0.40. Kabla ya sayanaidi, oksijeni na dhahabu ni 0.40 kutoa 1.69, hasi, haiwezekani, na ndiyo maana pete haipati kutu. Baada ya sayanaidi ni 0.40 jumlisha 0.6, volti nzima ya kusukuma. Hewa ileile tunayovuta. Sayanaidi haikumnyang'anya dhahabu elektroni hata moja. Iliziondoa tu ioni kila zilipojitokeza, na hewa ikamaliza kazi. Atomi nne za dhahabu, sayanaidi nane, molekuli mbili za maji, na oksijeni moja tu ndani ya mlinganyo mzima, ile ambayo mzee anaipa nafasi kwa kukausha tangi.

Mskochi John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa familia ya Forrest, waliokuwa madaktari, ndio walioichukulia hataza njia hii huko Glasgow mwaka 1887. Miaka michache baadaye ilikuwa inafanya kazi Afrika Kusini, kwenye miamba ya Witwatersrand. Walichotumia kuirudisha dhahabu kutoka kwenye maji kilikuwa zinki. Neema aliliona kabla sijamaliza sentensi: sayanaidi inamshusha zinki naye, chini zaidi, mpaka kama −1.26, kwa hiyo bado yuko chini ya dhahabu na bado anampa elektroni. Ni kipimo chetu cha pande zote mbili, kwa metali nyingine.

Siku ya 16, Jumanne

Taa ya Kulwa haikuwaka. Seli nne za 0.40 ni 1.60, na LED nyekundu inataka karibu 1.8. Anaongeza ya tano na ya sita. Tatizo lake la kweli litakuwa karatasi za daraja, zina ukinzani mkubwa na mkondo unaopita ni mdogo mno. Sijamwambia.

Shija ameleta swali kutoka nyumbani. Baba yake anauliza: hiyo amonia yenu haiwezi kutoa dhahabu, tukaachana na sumu?

Nilimjibu kwamba mwenye kazi hiyo ni ndugu mwingine, thayosalfeti. Inaishusha dhahabu mpaka karibu +0.15, si chini kama sayanaidi, lakini inatosha kuipitisha chini ya oksijeni. Mgodi wa Goldstrike, huko Nevada, Marekani, ulianza kuitumia mwaka 2014. Na katika namna mojawapo ya njia hiyo, oksijeni ikiwa mvivu kuifikia dhahabu yenyewe, anayetumwa kunyang'anya elektroni ni ioni ya shaba yenye amonia nne. Ya kwetu. Ya buluu. Mbeba mizigo yuleyule aliyekula waya.

Haitengenezeki kwa ndoo, nikamwonya. Ukolezi ukiyumba kidogo thayosalfeti inaharibika yenyewe. Lakini stoo tunayo, ile ya praktiko ya kupima kasi, msalaba unaofifia chini ya bika. Tumeitoa rafuni, tumepima: gramu 80 zimebaki. Nimeweka kando 30 za mtihani.

Kesho: waya mpya, upimwe kwanza kwenye mizani, mrututu upande mmoja, thayosalfeti badala ya amonia. Usomaji wa kwanza uandikwe kwa wino.